Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu ya juu: Msikipime Chuo Kikuu Huria kwa rula ya Mlimani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Baraza la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Na wakurugenzi wa halmashauri zote, ninyi mlio waajiri wa walimu na wauguzi.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa sasa niko Liwale, mkoani Lindi. Shahada yangu niliipata Huria nikiwa kazini, na watoto wa shule nikiwa nao nyumbani na darasani. Siandiki kwa niaba ya chuo wala chama chochote, na hakuna aliyenituma. Naandika kwa kuwa kila unapozuka mjadala wa vyuo vikuu vyetu, iwe redioni au kwenye kikao cha walimu, Huria huwekwa mstari mmoja na vyuo vya bweni, kisha yanakuja maswali yale yale. Mbona wanafunzi wake hawamalizi kwa miaka mitatu? Mbona wengi ni watu wazima? Mbona wengine waliingia na matokeo hafifu ya kidato cha sita? Majibu yapo, na yalijulikana kabla chuo hakijafunguliwa. Nimeona niwakumbushe yalikotoka, kisha niwaombe mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wenu.

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tanzania nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili. Kimoja ni cha Dar es Salaam, tunachokiita Mlimani, kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Cha pili ni Sokoine pale Morogoro, kilichozaliwa mwaka 1984. Ukikosa nafasi hapo umekosa, labda uwe na mjomba wa kukupeleka India. Nafasi zenyewe zilihesabika kwa vitanda, kwa sababu mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa mtu wa kulala chuoni, kula chuoni na kuacha kila alichokuwa akifanya. Karani wa mahakama pale Songea, mganga msaidizi wa Kibondo, mwalimu wa Makete, hawa hawakuhesabiwa kabisa.

Serikali ikaunda kamati chini ya Nicholas Kuhanga, aliyewahi kukiongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kamati ikapendekeza chuo cha kumfuata mtu alipo. Bunge likapitisha Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1993, na tarehe 19 Januari 1994 chuo kikazinduliwa rasmi, John Malecela akasimikwa kuwa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, naye pia alikuwa ameshaiongoza Mlimani. Hapo naomba mpatazame vizuri. Aliyependekeza chuo na aliyekiendesha mwanzo, wote wawili waliijua Mlimani mpaka idadi ya vitanda vyake, na ndiyo maana hawakutaka kujenga Mlimani nyingine.

Kuna wanaosema elimu ya masafa tuliiga kwa Waingereza. Ni kweli Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati mwaka 1969 na kuanza kufundisha Januari 1971, kikiwapokea watu bila kuwauliza vyeti vya sekondari, na dunia nzima ilikitazama, sisi tukiwemo. Lakini sisi hatukuwa wageni wa jambo hili. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa na masomo kwa njia ya posta tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu milioni mbili kwenye vikundi, wakisikiliza redio, wakisoma kijitabu, kisha wakitoka kwenda kuchimba vyoo. Wazee wa huku bado wanaikumbuka. Halafu ikaja UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, shule zikajaa watoto na walimu hakuna, na taifa likawafundisha makumi ya maelfu ya walimu wakiwa tayari darasani, kwa masomo ya posta, redio na mwalimu mlezi wa karibu. Wengi wetu tulifundishwa kusoma na hao. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka hata kijana wa kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Sitetei kila kilichokuwemo humo, na baadaye sharti hilo lililegezwa, lakini wazo la kwamba mfanyakazi ni mwanafunzi halali wa chuo kikuu lilikuwa limeshaota mizizi nchini miaka 20 kabla ya uzinduzi wa Huria.

Basi tuje kwenye hii miaka mitatu. Kwa viwango vya Tume, shahada ya kwanza ya miaka mitatu ni krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha kusoma, kusikiliza, kuandika na mazoezi. Hizo ni saa 3,600. Kwa miaka mitatu ni saa 1,200 kila mwaka. Ukizigawa kwa wiki 52 bila kupumzika Idi wala Krismasi, unapata saa 23 kwa wiki. Kijana wa bweni hana shughuli nyingine, kwake hiyo ndiyo kazi. Mwalimu wa msingi anatoka shuleni saa tisa na nusu alasiri na madaftari ya watoto themanini ya kusahihisha. Kwake saa 23 ni zaidi ya saa tatu kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kabla hajaenda kwenye mikorosho, hajapika, hajauguza mtu. Wapo wanaoziweza. Nawafahamu, na sijui wanalala saa ngapi. Akitumia miaka sita zinashuka hadi saa 11 na nusu kwa wiki, na hata huyo ni mtu wa bidii kuliko wengi wetu. Mnapomwandika kwenye taarifa kwamba amechelewa, mmepima nini hasa?

Sifichi kwamba wapo wanaoachia njiani. Vyuo vya masafa popote duniani hupoteza wanafunzi wengi kuliko vya bweni, na chuo chenyewe kina wajibu wa kuwatafuta na kuwashika mkono. Ila aliyesimama mwaka mmoja kwa sababu amejifungua, au kwa sababu korosho haikulipa, halafu akarudi, hafanani na aliyeshindwa. Naiomba Tume iwe na kipimo maalumu cha wanafunzi hawa: wangapi walioingia wakiwa kazini walihitimu ndani ya muda waliojipangia, na wangapi waliosimama walirudi. Takwimu za namna hiyo zingetusaidia wote, na zingekibana chuo pale kinapostahili kubanwa.

Jambo la mikopo ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo mtanisamehe nikikaa hapo kidogo. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, mwombaji wa mkopo wa shahada ya kwanza awe hajazidi miaka 35, awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, na asiwe na ajira au kipato cha uhakika. Sharti moja moja lina mantiki yake. Fedha hazitoshi, na mtoto wa maskini aliyetoka kidato cha sita jana lazima atangulie. Yakiwekwa pamoja, masharti haya yanamwondoa karibu kila mtu ambaye Huria iliundwa kwa ajili yake. Muuguzi wa miaka 38, mwenye cheti cha mwaka wa zamani na mshahara mdogo wa kila mwezi, amegonga ukuta mara tatu kwa fomu moja.

Sasa hebu tumfikirie huyu muuguzi kama mkopaji. Hadai bumu la chakula na malazi, kwa sababu anakula na kulala kwake. Anachohitaji ni ada, na labda nauli ya kwenda kwenye mitihani. Ana namba ya utumishi na hati ya mshahara, na mwajiri wake ni Serikali hiyo hiyo inayomkopesha. Marejesho yanaweza kuanza mwezi unaofuata, kabla hata hajafungua kitabu cha pili. Bodi tumeiona miaka yote ikihangaika kuwasaka wadaiwa, ikitangaza majina, ikiwaandikia waajiri. Wadaiwa wenyewe wengi ni wahitimu waliomaliza na kukaa nyumbani bila kazi, na huwezi kumkata asiye na mshahara. Mfanyakazi anayesoma Huria ndiye mdaiwa salama kuliko wote, na ndiye aliyefungiwa nje. Mkianzisha dirisha dogo la mkopo wa ada kwa watumishi, fedha zake zitazunguka kwa kasi ambayo mkopo wa kijana wa bweni hauwezi kuifikia.

Leo mtu huyo anakopa wapi? Akibahatika, benki, kwa riba ya benki. Asipobahatika anaangukia kwa wakopeshaji wa kausha damu, anaacha kadi yake ya benki kwao kama rehani, na mwisho wa mwezi wao ndio wanaokuwa wa kwanza kwenye mashine ya kutolea fedha. Ninao wenzangu waliosoma hivyo. Wamehitimu, ndiyo, na deni lilibaki.

Nije kwenye umbali. Chuo kina vituo mikoani, na hilo ni jambo la kujivunia, maana si kila chuo cha umma kinaweza kusema mwananchi wa Rukwa au wa Pemba anakipata mkoani kwake. Lakini Dar es Salaam ina vituo vitatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, ambapo mtu wa Mbagala anafika kwa daladala na kurudi kupika chakula cha jioni. Wanafunzi wa huko ni wengi, sitaki kuonekana mchoyo. Huku kwetu kituo cha mkoa kiko Lindi mjini, na kutoka Liwale ni zaidi ya kilomita 200, kwanza Nachingwea kwa barabara ya vumbi, ndipo uendelee. Kiangazi unafika umebadilika rangi. Masika ni habari nyingine. Naikumbuka safari moja ambapo basi lilizama kwenye tope jioni, vijana wakatafuta mapanga wakakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, na sisi wengine tukakaa juu ya mizigo kando ya barabara. Miongoni mwetu alikuwamo muuguzi wa zahanati moja aliyekuwa anakwenda kwenye mtihani kama mimi. Alikuwa amebana tochi ya simu kidevuni, anasoma moduli, yaani kitabu cha somo, na alama yake ya ukurasa ilikuwa kadi ya kliniki ya mtoto iliyokwisha kujaa. Kila konda alipopiga kelele kwamba tushuke tusukume, aliiweka ile kadi mahali pake, akafunga kitabu, akaja kusukuma, akarudi kusoma.

Siku ya mtihani ni siku ya mtihani. Simlaumu mtu kwa hilo, heshima ya shahada yetu imo humo. Ninachouliza ni kwa nini mtihani wenyewe usitufuate. Kila Novemba karatasi za kidato cha nne zinaletwa hadi sekondari za kata, zinasindikizwa na polisi mwenye bunduki, zinafunguliwa mbele ya wasimamizi, zinafungwa na kurudi salama. Nchi imeshajua kupeleka mtihani wa siri hadi mwisho wa barabara, na inafanya hivyo kwa maelfu ya shule kwa wakati mmoja. Kwa wanafunzi wa Huria wa wilaya moja, chumba kimoja na msimamizi mmoja vingetosha. Kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi 54 vilivyo chini ya Wizara hiyo hiyo ya Elimu, vilivyoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima. Vingi vina vyumba, vina umeme, na jioni havina mtu. Vifanywe vituo vidogo vya Huria: rafu ya vitabu, kompyuta chache, mkufunzi anayepita kwa ratiba inayojulikana, na mtihani ukifika, ukumbi. Wilaya isiyo na chuo hicho itumie sekondari.

Kuhusu mtandao nitasema machache, kwa kuwa wenye kuusifia ni wengi. Masomo kuhamia kwenye simu na kompyuta kumetusaidia sana. Zamani moduli ilisafiri kwa Posta au kwa konda wa basi, na ukiipata ulikuta tayari ina majina mawili matatu ya waliokutangulia kwenye jalada, na majibu yao ya penseli pembeni, mengine ya makosa. Siku hizi vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022 vinabeba rafu nzima ya vitabu. Lakini kishikwambi kinataka chaji, na somo la video linakula bando la wiki kwa usiku mmoja. Ombi langu ni jepesi kwa wenye mamlaka: tovuti ya masomo ya chuo ifunguke bila kukata bando, kwa makubaliano na kampuni za simu, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uweke vituo hivi vidogo kwenye hesabu zake unapopanga minara. Na karatasi msiiue. Kule ambako mnara upo mlima wa pili, mwanafunzi anahitaji kitabu cha kushika mkononi.

Wakurugenzi wa halmashauri, sasa ni zamu yenu, na sitazunguka. Mtumishi anatakiwa aombe ruhusa ya kusoma, na ni sawa, huwezi kuacha darasa bila mtu. Tatizo ni kwamba ruhusa hiyo iko mikononi mwa mtu mmoja mwenye droo. Nimefanya kazi katika wilaya zaidi ya moja, na kisa hiki sitasema kilitokea wapi. Nilipeleka ratiba ya mitihani mapema, imepigwa muhuri wa chuo. Afisa aliyenipokea aliisoma akacheka, akaniuliza, "Mwalimu, unasoma ili iweje? Ukimaliza si utaomba kuhama?" Barua ya ruhusa ilitoka mitihani ikiwa imekwisha. Somo nililolikosa nililifanya baadaye, maisha yakaendelea, na yule bwana amestaafu, namtakia heri. Ila swali lake nimelisikia tena na tena kutoka kwa wenzangu wa mikoa mingine, karibu kwa maneno yale yale, mpaka nikaona si la mtu mmoja. Kuna mahali watumishi wanaosoma wanaonekana kama wanaojiandaa kutoroka.

Kisha mtu akihitimu anaanza kusubiri. Kubadilishiwa kada kunategemea bajeti, kibali, orodha, na kama jina limeandikwa sawasawa. Wapo wanaosubiri kwa miaka huku wakifanya kazi za elimu mpya kwa mshahara wa elimu ya zamani. Naomba waraka mmoja tu kutoka juu, utakaosema mambo mawili: kwamba mtumishi aliyewasilisha ratiba ya mitihani ya chuo kinachotambulika mapema apewe siku zake bila kuombwa tena, na kwamba halmashauri iandike majina ya watumishi wanaosoma tangu mwaka wao wa kwanza, ili nafasi zao za kupanda ziingizwe kwenye bajeti kabla hawajavaa joho. Mtu anayesoma miaka mitano sita hawezi kuwa habari ya ghafla kwa ofisi ya utumishi.

Liko suala la mlango wa kuingilia. Anayekwenda chuo kikuu moja kwa moja anatakiwa awe na alama 4.0 katika masomo mawili ya kidato cha sita, kwa mfano D mbili. Huria ina njia ya pili, programu ya foundesheni, kwa mwenye angalau alama 1.5, tuseme E moja na S moja, au stashahada yenye wastani usiopungua 2.0. Anasoma masomo sita ya msingi na lazima apate wastani wa 3.0 ndipo aingie shahada. Wapo wanaoiita mlango wa uani. Mimi nauliza: mtu aliyefeli akiwa na miaka 19, shuleni kusikokuwa na mwalimu wa hesabu, akakaa kazini miaka kumi, akarudi na kufaulu masomo sita, huyo amepita uani kweli? Ndugu zangu wa Tume, mlango huu ulindeni kwa ukali wa mitihani yake. Msiufunge.

Wateja wake wapya wako njiani. Tangu Waraka wa Novemba 2021, wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi, na wengine wanasoma QT, yaani mtihani wa maarifa, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Baadhi yao watafika kidato cha sita au stashahada wakiwa na watoto wa kuwapeleka darasa la kwanza. Msichana huyo hataenda kulala bweni Dodoma. Ama atasoma alipo, ama hatasoma.

Najua ipo dharau. Nimeshasikia "digrii ya kujisomea" ikitamkwa na watu ambao, nikiwaangalia, wangefaidika sana na kujisomea. Nelson Mandela alimalizia shahada yake ya kwanza UNISA, chuo cha masafa cha Afrika Kusini, na mwaka 1989 akapata shahada ya sheria kwa chuo hicho hicho akiwa bado mfungwa. Sijasikia mtu akimuuliza alisomea bweni gani. Hapa kwetu, ukitaka kuona masafa yamezaa nini, fungua tasnifu za uzamili za Kiswahili za Huria. Nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili chenyewe na walimu waliokuwa kazini, wakitafiti nyimbo, methali na majina ya watu wa kwao. Mtafiti wa Mlimani angehitaji posho na gari ili afike walipo wale bibi wanaozijua nyimbo za jando na unyago. Mwalimu wa Huria alikuwa jirani yao, anawasalimia kila asubuhi.

Wenzetu wa Kenya walikipa hati Chuo Kikuu Huria chao Agosti 2023, makao yakiwa Konza, karibu miaka 30 baada ya sisi kuzindua chetu. Watakuja kuuliza tulifanyaje. Ningependa tuwe na la kuwaonyesha zaidi ya majengo ya chuo ya Kinondoni na ya Bungo kule Kibaha.

Kwa Baraza la Chuo nina neno moja. Mtakapobanwa ili mfanane na wengine, na mtabanwa, kwa mizani ya ubora, kwa fedha za miradi, kwa hamu ya kuwa na kampasi nzuri yenye bustani, kumbukeni sheria iliyowaunda haikuwatuma kukusanya watu mahali pamoja. Maabara mnazihitaji, mwanafunzi wa sayansi hawezi kujifunza kemia kwa maneno. Zijengeni mikoani.

Nawaomba mnijibu, na mkinijibu, majibu hayo msiyaweke mtandaoni peke yake. Yabandikwe pia kwenye mbao za matangazo za halmashauri na za hospitali za wilaya, kwa herufi kubwa, maana wengi wa ninaowasemea hupita hapo wakitoka zamu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mhitimu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania
Liwale, Lindi